Ukakamavu wa akili kwa mkimbiaji wa marathoni: mwongozo kamili wa wiki 12

Yuko mkimbiaji anayemaliza kilomita 30 za Jumapili asubuhi bila taabu, lakini siku ya mashindano akifika kilomita ya 30 anaanza kutembea. Watu humwambia hana moyo. Ukizichunguza mbio zake utakuta mambo matatu: kilomita 5 za kwanza alikimbia mwendo usio wake, njiani hakula wala kunywa inavyotakiwa, na alipochoka hakuwa na jambo lolote alilopanga kulifanya. Yote matatu ni maamuzi. Moyo anao. Anachokosa ni ustadi wa kuamua vizuri wakati mwili umechoka, na ustadi huo unafundishwa katika mazoezi yaleyale yanayofundisha miguu.

Mwongozo huu unamfaa mtu mwenye kazi na familia anayejiandaa kwa marathoni au nusu marathoni, anayekimbia mara 4 hadi 6 kwa wiki na ambaye tayari anaweza kwenda kilomita 15 mfululizo. Mifano mingi ni ya Kilimanjaro Marathon ya Moshi, kwa sababu njia yake inampima mtu akili kweli: nusu ya kwanza ni barabara isiyo na milima mikali, na mlima wa Mweka unakuja baada ya hapo, miguu ikiwa imeshatumika.

Uchovu unapimwa kichwani

Misuli huchoka, sukari iliyohifadhiwa mwilini hupungua, joto hupanda. Hayo ni ya mwili. Lakini uamuzi wa kupunguza mwendo hufanyika kichwani, kutokana na jinsi mtu anavyoihisi juhudi yake. Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake waliwapa watu kazi ngumu ya akili kwa dakika 90, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi na kuwaambia wakanyage mpaka washindwe. Walishindwa mapema kwa takribani asilimia 15 kuliko siku waliyokuja akili ikiwa imepumzika. Moyo na mapafu yao vilifanya kazi kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba mzigo uleule walihisi ni mzito zaidi.

Kwa mtu anayekimbia baada ya kazi, maana yake ni hii: mwalimu aliyesahihisha madaftari mchana kutwa, au dereva aliyepambana na foleni, akienda kwenye mazoezi makali saa 12 jioni anaanza akiwa na akili iliyokwisha kutumika. Akishindwa kufikia muda wake hudhani amelegea. Basi weka mazoezi mawili magumu ya wiki siku au saa ambazo kichwa hakijabebeshwa mzigo, na kwa wengi hiyo ni alfajiri. Ikiwa haiwezekani, jipe dakika 20 za kukaa kimya bila simu kabla ya kufunga kamba za viatu. Simu haimpumzishi mtu, hata akiwa amejilaza.

Usingizi ndio unaotangulia yote. Anayelala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku hatajenga ukakamavu wowote kwa mwongozo huu wala mwingine. Lenga usingizi wa saa 7 hadi 9.

Hatua ya kwanza: jifunze kuipima juhudi (wiki ya 1 na ya 2)

Huwezi kuvumilia vizuri kitu usichojua ukubwa wake. Chukua kipimo cha 0 hadi 10. Sifuri ni kukaa kitini. 2 hadi 3 ni mbio nyepesi ambazo unaweza kumsimulia mwenzako habari ndefu bila kukata sentensi. 4 hadi 5 ni mwendo wa marathoni, ambao unasema sentensi moja kisha unahitaji kuvuta pumzi. 6 hadi 7 ni mwendo unaoweza kuumudu kwa saa moja hivi, na unasema maneno matatu au manne tu. 8 hadi 9 ni mizunguko ya dakika 3 hadi 5, neno moja linatosha. 10 ni mita za mwisho za maisha yako ya ukimbiaji, na katika mazoezi hupaswi kuifikia.

Kwa wiki mbili, funika saa yako kwa mkono wa shati au utepe. Kimbia kwa kuhisi, kadiria namba kila dakika 10, na useme kwa sauti. Ukifika nyumbani ndipo utazame saa. Kisha andika katika daftari mistari minne: umbali na muda, namba uliyoikadiria, usingizi wa jana, na jambo moja ambalo kichwa kilikuambia ulipokuwa njiani. Mstari huo wa nne ni muhimu sana, tutaurudia. Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni kutoka Kenya, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake daftarini kwa miaka mingi, na hii si tabia ya kuwaachia mabingwa.

Kosa la kawaida hapa ni kukimbia siku nyepesi kwa namba 5. Mtu anaona aibu kupitwa. Ukienda Iten au Kaptagat, miji ya wakimbiaji nchini Kenya, utaona wakimbiaji wa kiwango cha dunia wakianza mbio zao nyepesi polepole mno, kiasi kwamba mgeni anadhani anaweza kwenda nao. Wanajua kwamba siku nyepesi ikikimbiliwa kwa ukali, siku ngumu inakosa ukali wake, na mwanariadha anaishi katikati, akiwa amechoka daima na hajawahi kujifunza kitu chochote kuhusu kikomo chake. Kipchoge mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mazoezini hatumii nguvu zake zote.

Hatua ya pili: andika maneno yako

Rudi kwenye ule mstari wa nne wa daftari. Baada ya wiki mbili utakuwa na orodha ya mambo ambayo kichwa chako hukuambia ukichoka. Kwa kawaida ni machache na yanajirudia: "Leo siko sawa." "Bado mbali." "Yule ananipita, mimi ni mzito." "Nitembee kidogo tu."

Kwa kila moja andika jibu. Jibu zuri lina sifa tatu: ni fupi (maneno mawili hadi matano), ni la kweli, na linaingia katika mdundo wa hatua zako. "Mimi ni simba" halidumu zaidi ya kilomita moja, maana kichwa kilichochoka hakikubali uongo. "Hii ndiyo kazi" linadumu. Kwa mtu anayesikia "bado mbali", jibu linaweza kuwa "mpaka nguzo ile". Kwa anayesikia "leo siko sawa": "tulia, dakika kumi". Na jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa sababu vipindi vibaya vingi vya mbio ndefu hupita.

Gawa maneno yako makundi mawili. La kwanza ni la ufundi: "mabega chini", "hatua fupi", "pumua nje". Haya yatumie mwendo ukiwa unavurugika. La pili ni la kujitia nguvu, uyatumie juhudi ikifika 7 na zaidi. Wengi huona kujisemesha kwa "wewe" kunafaa kuliko "mimi", kama vile kocha anayepiga kelele pembeni: "Unaweza, endelea." Jaribu yote mawili. Wako pia wanaotumia dhikri, mstari wa zaburi au wimbo wa kwaya. Ni chaguo zuri kabisa: maneno hayo tayari wanayo kifuani, wala hayahitaji kukumbukwa.

Je, kuna ushahidi? Upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwachukua watu 24. Nusu yao wakafundishwa kwa wiki mbili kuchagua na kutumia maneno yao. Waliofundishwa waliongeza muda wa kukanyaga baiskeli kabla ya kushindwa kwa takribani asilimia 18, na katikati ya zoezi waliihisi juhudi kuwa nyepesi kuliko mwanzo. Wale wengine hawakubadilika. Zingatia neno "wiki mbili". Maneno yaliyobuniwa usiku wa kuamkia mashindano hayajawahi kukaa miguuni.

Namna ya kuyazoeza: katika kila zoezi gumu, tumia neno moja tu kwa dakika 10 zenye taabu zaidi. Baada ya zoezi andika kama lilisaidia. Baada ya wiki nne ubaki na manne. Yaandike kwa kalamu kiganjani siku ya mashindano ukipenda, jasho litafuta nusu yake lakini utakumbuka.

Hatua ya tatu: mazoezi matano yanayofundisha akili

Kanuni ni mazoezi magumu mawili kwa wiki, basi. Mengine yote mepesi. Chagua kati ya haya.

Fatleki. Iten, Alhamisi ni siku ya fatleki: kundi kubwa linakimbia dakika 1 kwa kasi, dakika 1 taratibu, au 2 kwa 1, au 3 kwa 1, kwenye barabara ya vumbi yenye vilima. Anza na mizunguko 12 ya dakika 1 kwa 1, ongeza mpaka 20. Somo la akili liko katika ile dakika ya taratibu. Usisimame, usitembee. Unajifunza kupoa ukiwa bado unakimbia, na kwamba pumzi iliyokatika hurudi. Mtu asiyejua hilo huogopa kila mlima.

Theluthi ya mwisho. Katika mbio ndefu za kilomita 24, kimbia 16 za kwanza kwa juhudi ya 3, kisha 8 za mwisho kwa juhudi ya 5. Fanya hivi kila wiki ya pili tu. Hili ndilo zoezi lenye thamani kuliko yote katika orodha, kwa sababu linafundisha subira mwanzoni na ujasiri mwishoni, mambo yanayohitajika kwa mpangilio huohuo siku ya mbio. Linaharibika kwa njia moja: mtu anakwenda 4 au 5 tangu mwanzo kwa kuwa anajisikia vizuri, kisha theluthi ya mwisho inakuwa ya kujiburuza. Likitokea hilo, kata zoezi, rudi nyumbani mwendo mwepesi. Usiandike daftarini kwamba ulikosa moyo. Andika kwamba ulianza haraka.

Mizunguko isiyojulikana. Unamhitaji mwenzako. Mwambie akuandalie mizunguko ya mita 1,000 kwa juhudi ya 7, mapumziko ya dakika 2, na asikuambie idadi. Anachagua kati ya 4 na 7. Baada ya kila mzunguko anasema "tena" au "basi". Utagundua mambo mawili. Kwanza, kwamba akili huiweka nguvu akiba kulingana na mwisho inaoujua, na mwisho usipojulikana inaogopa. Pili, kwamba ukikimbia mzunguko mmoja mmoja hofu hiyo inapungua. Lifanye mara tatu tu katika wiki 12, na kamwe si katika wiki mbili za mwisho.

Kupita mlangoni. Chora njia ya kilomita 2 hadi 3 inayopita nyumbani kwako, uizunguke mara 6 au 7 peke yako, bila muziki. Kila mzunguko nyumba inakuita: maji yapo, kiti kipo, chai inachemka. Ni zoezi jepesi kwa mwili, juhudi ya 3, lakini linakuonyesha jinsi unavyojadiliana na nafsi yako. Usikilize hoja unazozitoa. Nyingine utazikuta tena kilomita ya 35.

Mlima mrefu. Tafuta mwinuko wa dakika 20 hadi 40. Wa Dar es Salaam wanapata shida hapa. Pugu ina vilima, na Kisarawe pia. Panda kwa juhudi isiyobadilika ya 5 au 6, usiangalie mwendo kwenye saa kabisa. Tazama mita 10 mbele ya miguu. Fupisha hatua, inua mikono kidogo. Mlimani, anayefukuza mwendo wa tambarare huunguza kila kitu ndani ya kilomita mbili.

Kuhusu muziki masikioni: katika mbio nyepesi hauna madhara. Katika mazoezi magumu uvue, maana ndiyo saa unayojifunza kusikia pumzi yako, na barabarani unahitaji kusikia magari na bodaboda.

Hatua ya nne: panga kabla ya kuharibika

Mwaka 2015 katika marathoni ya Berlin, soli za ndani za viatu vya Kipchoge zilichomoka mapema na kuning'inia nje ya visigino. Alimaliza hivyohivyo, akashinda kwa saa 2:04:00. Wewe huwezi kutabiri soli, lakini mambo mengi yanayowaharibia watu mbio yanatabirika, na njia bora ya kuyakabili ni kuwa na sentensi moja iliyoandikwa kwa kila jambo: "Likitokea hili, nitafanya lile." Sentensi hiyo inaondoa kazi ya kufikiri wakati ambapo kufikiri ni ghali.

Andika sita zako. Mfano:

- Kilomita ya 1 ikiwa haraka kuliko mpango kwa sekunde 15, nitapunguza palepale, hata nikipitwa na watu mia.
- Kichomi kikinishika, nitapunguza mwendo kwa dakika 2, nitavuta pumzi kwa tumbo na kuitoa yote mguu wa upande wa pili ukitua.
- Nikikosa maji kituo kimoja, sitarudi nyuma wala kukasirika, nitakunywa vikombe viwili kituo kinachofuata.
- Tumbo likivuruga, nitaingia chooni mapema. Dakika 2 za chooni ni nafuu kuliko kilomita 10 za wasiwasi.
- Misuli ya mapaja au shavu la mguu ikikaza, nitatembea hatua 60, nitanyoosha taratibu, kisha nitaanza tena kwa hatua fupi.
- Wazo la kuacha likija, nitafika kituo kijacho cha maji, nitakula, nitakimbia dakika 10, ndipo niamue.

Hiyo ya mwisho ni ya lazima kwa kila mtu. Wazo la kuacha mara nyingi huja pamoja na njaa ya sukari, na gramu 20 zikishaingia watu wengi hawalikumbuki tena.

Zisome sentensi hizi usiku mara tatu kwa wiki, macho yakiwa yamefumbwa, ukiliona tukio na ukijiona unafanya ulichoandika. Dakika 5 zinatosha. Usijione ukivuka mstari kwa shangwe tu. Jione ukiwa na shida na ukiishughulikia.

Hatua ya tano: lisha kichwa

Ubongo unatumia sukari, na sukari ya damu ikishuka huzuni na hofu hupanda kabla miguu haijagoma. Hii ni moja ya sababu za "udhaifu wa moyo" unaosikika baada ya kilomita 30. Kwa mbio za zaidi ya dakika 90, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia dakika ya 30 au 40, kabla hujahisi njaa.

Kwa vyakula vyetu: ndizi mbivu ya wastani ina takribani gramu 25. Kijiko cha chakula cha sukari kilichojaa sawasawa kina 12 hivi. Kinywaji cha nyumbani ni nusu lita ya maji, vijiko 3 vya chakula vya sukari, chumvi inayobanwa na vidole viwili, na limau kwa ladha. Hiyo ni karibu gramu 36. Tende ni nzuri pia, ila uziondoe kokwa nyumbani. Chochote utakachotumia, kijaribu katika mbio ndefu zisizopungua nne. Tumbo nalo linazoezwa.

Tumbo likikataa kabisa, sukutua kinywaji cha sukari mdomoni kwa sekunde 5 hadi 10 kisha uteme. Tafiti zimeonyesha kwamba sukari ikigusa mdomo tu huamsha ubongo na kumsaidia mtu kwenda vizuri zaidi, hasa katika mbio za saa moja hivi. Maji kunywa kwa kiu. Anayejilazimisha kunywa lita baada ya lita bila chumvi anaweza kushusha kiwango cha chumvi katika damu hadi hatarini, na dalili zake (kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa) hudhaniwa kuwa ni uchovu.

Hatua ya sita: ikate njia vipande

Kilomita 42 na mita 195 haziingii akilini kwa pamoja. Ikate njia kabla ya siku yenyewe, kila kipande kikiwa na kazi yake. Kwa Moshi, kipande cha kwanza ni kutoka uwanja wa Ushirika hadi kilomita ya 5: kazi ni kujizuia, juhudi isizidi 4. Cha pili ni barabara kuu kwenda na kurudi mjini: kazi ni kula, kunywa na kukaa na kundi. Cha tatu ni kupanda Mweka mpaka mahali pa kugeukia, karibu na kilomita ya 32: usihesabu kilomita, tumia neno la ufundi, tazama barabara iliyo mbele ya miguu. Cha nne ni kushuka. Hapo wengi hujiachia, mapaja yakavunjika kwa vishindo. Hatua ziwe fupi na za haraka. Kilomita 3 za mwisho hazina kazi ila moja, kukimbia kwa ulichobakiza.

Kilichobakizwa huwa ni kingi kuliko unavyodhani. Katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo mwaka 2025, Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni kwa muda uleule, 2:09:48, na dhahabu ikaenda Tanzania kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mita zile za mwisho zilikimbiwa kwa kasi na watu waliokuwa wameshakwenda zaidi ya saa mbili.

Ukiona uso umekunjamana na meno yamekazana, lainisha taya na utabasamu kwa sekunde 30. Kipchoge hufanya hivyo kwa makusudi, na tabasamu hilo linaweza kusaidia mwili kutumia nguvu chache kuliko pale unapokunja uso. Mikono nayo: jifanye umeshika yai.

Wakati wa kuacha

Hapa tunataka usome polepole.

Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bendeji na kumaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, katika 75 walioanza. Anastahili heshima yote anayopewa. Lakini ile ilikuwa Olimpiki. Wewe uko kwenye zoezi la Jumanne, na anayeiga Akhwari kila Jumanne huishia kwenye benchi la hospitali.

Taabu ya kawaida iko pande zote mbili za mwili, ni ya kuungua au uzito, na hupungua ukipunguza mwendo. Maumivu ya jeraha yana mahali pake hasa, unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, yanakufanya uchechemee, na yanaongezeka kadiri unavyokwenda. Maumivu ya mfupa wa ugoko, nyonga au unyayo yanayouma hata usiku ukiwa umelala yanahitaji daktari, maana huenda mfupa una ufa.

Simama mara moja, bila majadiliano na nafsi, ukipata: maumivu au kubanwa kifua, moyo kupiga ovyo, kizunguzungu cha kuona giza, kuchanganyikiwa, kutetemeka kwa baridi kwenye jua kali, au mkojo wa rangi ya chai baada ya mbio. Hakuna neno la kujitia nguvu linalohusika na dalili hizi.

Kuna pia hatari ya polepole. Mapigo ya moyo ya asubuhi yakiwa juu ya kawaida yako kwa 7 hadi 10 kwa siku tatu mfululizo, usingizi ukipotea, hasira zikiwa karibu, na juhudi ya 3 ikihisiwa 5, pumzika siku mbili kamili, kisha wiki nzima ya mbio nyepesi. Kwa wanawake, hedhi ikikoma miezi mitatu bila mimba huenda ni ishara kwamba chakula hakitoshi kwa mazoezi yanayofanyika. Isichukuliwe kamwe kuwa ushahidi wa bidii.

Mpangilio wa wiki 12 kwa ufupi

Wiki 1 na 2: saa imefunikwa, daftari, kipimo cha juhudi. Mbio ndefu kilomita 16 hadi 18.

Wiki 3 na 4: fatleki mara moja kwa wiki, kuchagua maneno, kupita mlangoni mara moja. Mbio ndefu 20 hadi 22.

Wiki 5 hadi 8: mizunguko isiyojulikana wiki ya 5 na ya 7, theluthi ya mwisho wiki ya 6 na ya 8, mlima kila wiki nyingine. Sentensi sita ziandikwe wiki ya 5. Mbio ndefu 24 hadi 28. Wiki ya 7 punguza umbali wote kwa robo, mwili unajengeka ukipumzika.

Wiki 9 na 10: mizunguko isiyojulikana mara ya tatu na ya mwisho, wiki ya 9. Wiki ya 10 ni zoezi la majaribio, kilomita 30 hadi 32. Vaa kila kitu utakachovaa, amka saa utakayoamka, kula utakachokula, tumia vipande, maneno na sentensi zote. Zoezi moja tu la namna hii.

Wiki 11 na 12: umbali unashuka hadi asilimia 60, kisha 40. Utahisi miguu mizito na utaota umesahau viatu. Ni kawaida. Kosa kubwa la wiki hizi ni kwenda kujipima "kuona kama bado nipo". Usijipime.

Usiku wa mwisho na asubuhi yake

Usiku wa kuamkia mashindano wengi hawalali vizuri, na hauharibu kitu ikiwa usiku wa juzi yake ulilala. Weka nguo, namba, pini nne na chakula mahali pamoja kabla ya saa 2 usiku. Kitandani, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5.

Asubuhi moyo utakwenda mbio. Usipigane nao. Ni mwili unaojiandaa kwa kazi, na ukijiambia "niko tayari" utafaidika kuliko kujiamuru utulie. Pasha mwili moto dakika 10 tu, nguvu ni za baadaye. Simama nyuma kidogo ya pale unapotamani kusimama.

Ndani ya saa 48 baada ya mbio, kabla kumbukumbu haijapambwa, fungua daftari uandike: kilomita gani kichwa kilianza kulalamika, kilisema nini, ulijibu nini, na jibu lilidumu kwa muda gani. Neno lililoshindwa lifutwe. Kisha wiki mbili bila zoezi lolote gumu, na maneno mapya yaanze kutafutwa katika mbio nyepesi za wiki ya tatu.